Kulwa Masumbuko Aingie Maabara

Mgeni rasmi, uliyevumilia vumbi la Usangu kutoka Mbeya mjini mpaka hapa kwetu. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wageni wote, shikamooni.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne, Shule ya Sekondari Nyalukindi, tunakupokea kwa mikono miwili. Tumefurahi umekuja kwenye mahafali yetu, na asubuhi tulikuona ukiingia maabara. Ulishika amita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, ukapigwa picha. Mgeni rasmi, amita ile ilifika jana jioni juu ya lori la mpunga, pamoja na kila kitu ulichokikuta mezani. Vimeazimwa. Kesho vinarudi vilikotoka. Tunalisema hili mapema, maana hatuwezi kukudanganya halafu tukakuomba msaada.

TULIKOTOKA

Shule hii ni jasho la wananchi. Wasangu walitoa eneo, na wafugaji waliohamia kutoka Usukumani wakauza ng'ombe yapatikane mabati. Maabara ilimalizika mwisho. Ikapakwa rangi, kisha mchoraji kutoka Iringa akachora ukutani Galileo, Newton, Faraday, Ohm na Marie Curie. Nyuso hizo ndizo vifaa pekee tulivyokaa navyo miaka yetu yote hapa.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni Mwalimu Sosthenes, ambaye anafundisha kwa kujitolea. Kanuni ya kwanza ya Newton alitufundishia kwenye mkokoteni: punda akisimama ghafla, magunia yanaendelea na safari mpaka yanaanguka mbele. Kwa Faraday alitumia waya wa shaba, dira na sumaku ya spika mbovu. Aliposogeza sumaku ndani ya waya uliosokotwa, sindano ya dira, iliyozungushiwa ncha ya pili ya waya huo mbali na sumaku, ikacheza. Alipoiacha itulie, sindano nayo ikatulia. Msichana mmoja akasimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu! Sumaku ikitulia umeme haupo! Mpaka itembee!"

"Hilo ulilolisema sasa hivi," mwalimu akajibu, "Faraday alilihangaikia miaka."

Msichana huyo ni Kulwa Masumbuko, mtoto wa wafugaji. Tangu siku ile hatukumwita jina lingine ila Faraday.

CHANGAMOTO

Tungeweza kusoma hapa habari za madawati na vyoo. Mwaka huu changamoto yetu ina jina la mtu.

Kwenye mtihani wa majaribio, vifaa viliazimwa kama vilivyoazimwa leo. Swali lilitaka tupime mkondo wa umeme. Kulwa alilijua somo hilo kwa moyo: amita hukaa katikati ya njia, umeme upite ndani yake, voltimita, inayopima msukumo wa umeme, huunganishwa pembeni. Lakini amita ya kitabuni ni duara lenye herufi A. Mezani alikuta visanduku viwili vyeusi vilivyofanana kabisa, herufi zimefutika kwa kushikwashikwa na wanafunzi wa shule nyingine.

Akanyoosha mkono. "Samahani, ipi ndiyo amita?"

"Huu ni mtihani," msimamizi akasema. "Hakuna maswali."

Akachagua, na akakosea: amita akaiweka mahali pa voltimita. Amita haina ukinzani wa kutosha kuuzuia umeme. Ilipounganishwa moja kwa moja na betri ya pikipiki, sindano iliruka mpaka mwisho, na chumba kizima kikanuka waya ulioungua.

Kesho yake Mkuu wa Shule alimsimamisha mstarini, mbele ya shule nzima. Tunayarudia maneno yake kama tulivyoyasikia: "Fizikia si kuchunga ng'ombe. Kuanzia leo asikanyage maabara, na siku ya mtihani wa taifa wa vitendo atakaa nje."

Mama yake aliitwa. Alikuja kwa miguu, akauliza pale mlangoni mwa ofisi, "Mwanangu kaunguza nini, nyumba?"

Wakamwonyesha kisanduku. Alikigeuzageuza, akakirudisha mezani. "Na nyie mlimfundisha lini kukishika?"

Akaambiwa asubiri nje. Mgeni rasmi, mama yule hajajibiwa mpaka leo, na yumo humu ndani.

Tangu hapo, sisi tukiwa maabara, Kulwa husimama dirishani. Siku moja mwenzetu Tekla alimfuata akale.

"Tekla, mimi nilijua," Kulwa akamwambia. "Ningeonyeshwa mara moja tu."

Tunaomba tueleweke: tumekasirika. Nchini kwao Marie Curie wanawake hawakuruhusiwa chuo kikuu; alisoma kwa siri, akaenda ugenini, akawa yule tunayeambiwa tumuige. Halafu binti wa hapa anafungiwa mlango chini ya picha yake! Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari, na utafiti wake aliufanya kwa vifaa vya maabara ya shule aliyofundisha. Ni karibu miaka mia mbili sasa. Shule ile ilikuwa na vifaa. Sisi tuna picha ya Ohm.

Jumamosi iliyopita Mwalimu Sosthenes alikwenda Ilomba, kule Mbeya mjini, kwa rafiki yake, akaazima amita, akarudi nayo kwa basi ameipakata. Barazani kwake alimwita Kulwa mbele yetu.

"Hii ndiyo amita. Ishike."

Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akaunganisha waya polepole, akiifuata njia ya umeme kwa kidole. Sindano ikapanda kidogo, ikasimama pale ilipopaswa. Akafungua nyaya zote, akaunganisha upya. Ikasimama palepale.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu."

Mstarini hakulia. Barazani alilia.

Jumatatu mwalimu alimweleza Mkuu wa Shule. Akajibiwa kwamba uamuzi umeshatolewa, na kwamba anayejitolea asijifanye mwenye shule.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta wala basi la shule. Tunaomba vifaa vyetu wenyewe kabla ya mtihani, viwe na herufi zinazosomeka. Tunaomba Mwalimu Sosthenes aajiriwe.

Na tunaomba Kulwa aingie. Tumekubaliana sote: akizuiwa mlangoni, hakuna atakayeingia. Wazazi wetu, mnalisikia hili kwa mara ya kwanza, na tunajua mlivyojinyima kutusomesha. Mtuwie radhi. Kulwa mwenyewe ametukataza. Alisema, "Nyie ingieni, msiharibikiwe kwa ajili yangu." Kwa hili tu hatukumsikiliza.

Mkuu wa Shule, bado tunakuheshimu. Mgeni rasmi, mwenye ruhusa hiyo umeketi naye bega kwa bega, na neno lenyewe ni fupi, linaweza kusemwa kabla chakula hakijapakuliwa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, awatunze walimu na wazazi wetu, na amlainishe moyo kila aliyeshika ufunguo wa mlango wa mtoto wa mwenzake.

Tumemaliza kusoma. Kwa ruhusa yako, sote tumesimama, na hatutaketi mpaka tujibiwe.

Ni sisi, wanafunzi wote wa fizikia, kidato cha nne, Nyalukindi, Kulwa Masumbuko akiwemo.
Imesomwa kwa niaba yetu na Lugano, kiongozi wa darasa.