Bi Kununa, Dalali wa Mnunuzi

Wasikilizaji wapendwa, leo nakaa mbele ya kipaza sauti nikiwa na hasira, na sitaificha. Bi Kununa amefariki Jumanne hii kwa ugonjwa wa moyo. Na kesho binti yangu anasaini kununua nyumba bila yeye. Hilo nitalifikia.

Bi Kununa alikuwa dalali wa nyumba kwa miaka thelathini na moja. Lakini sikilizeni vizuri: dalali wa mnunuzi. Narudia, wa mnunuzi. Hakumuuzia mtu nyumba hata moja. Kazi yake ilikuwa kusimama upande wa anayenunua, basi. Na sisi tulimfanyaje? Tulimcheka. "Dalali wa muuzaji si yupo? Wa pili wa nini?" Jamani!

Jina la Kununa alipewa na wateja wake. Aliwapanga mlangoni kama wanafunzi na kuwaambia, "Humu ndani hakuna kucheka. Mkiipenda, nuneni. Mtafurahi kwenye gari." Kisha anafungua mabomba yote kwa mpigo, anavuta choo, anapanda darini na sketi yake. Akishuka, moja kwa moja kwa jirani kuuliza kiwanja kinaishia wapi. Mume wake, fundi cherehani, ananiambia, "Hata tukialikwa chakula kwa watu, mwenzangu anagonga kuta. Nilikuwa naona aibu mpaka nikazoea."

Mimi nilimkataa. Ndiyo, mimi mwenyewe, mwenye mdomo huu. Nilikwenda kuangalia nyumba na mke wangu, ana mimba ya miezi minane. Dalali wa muuzaji akamletea kiti. Akamwita dada. Nikalainika kabisa! Nikamwaga kila kitu: kwamba nyumba tumeipenda, kwamba hatuna pengine, kwamba lazima tuhamie kabla mtoto hajazaliwa. Nilimwambia nani? Mtu anayelipwa na muuzaji! Tangu hapo, nikiomba paa linalovuja lizibwe, nikiomba mlango uliooza ubadilishwe, jibu ni moja: "Chukua au acha, wapo wengine." Nikachukua.

Mwaka wa pili jirani akaja na mpima ardhi. Nusu ya jiko letu ilikuwa kwenye kiwanja chake. Likabomolewa. Tukapika kwenye korido miaka minne, mtoto anakohoa moshi. Nikamfuata yule dalali.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kwa upole kabisa. "Bwana, mimi nilikuwa wa muuzaji. Wa kwako alikuwa nani?"



Yule mtoto aliyekohoa ndiye binti yangu anayenunua nyumba sasa. Yeye alikuwa na akili, akamchukua Bi Kununa. Bi Kununa, yuko kitandani hospitalini, pumzi zinamkatika, akampigia simu: "Usisaini kabla kiwanja hakijapimwa." Siku mbili baadaye akatutoka. Na jana binti yangu ananiambia nini? "Baba, nitaendelea tu na dalali wa muuzaji. Ni mtu mzuri sana, hata rambirambi ametuma." Nusura niitafune simu!

Tunampa pole fundi cherehani, tunawapa pole watoto na wajukuu. Mungu amlaze mama yetu mahali pema. Nanyi mnaotafuta nyumba, kabla hamjafungua mdomo jiulizeni: huyu anayenisikiliza ni wa nani?

Na wewe, mwanangu, najua unasikiliza. Saini yako ni kesho saa nne asubuhi. Mazishi ni alasiri. Binti wa marehemu, ambaye naye ni dalali wa mnunuzi kama mama yake, ameniambia atatoka msibani aje na mpima ardhi, akusimamie. Macho yamemvimba kwa kulia, na bado anakuja. Mpokee, mwanangu. Anamwacha mama yake hajazikwa kwa ajili yako.