Risala ya Darasa la Jioni Kuhusu Filamu Tuliyowapitishia Watoto

Mgeni rasmi, Bi Adventina, mkaguzi wa elimu, shefu wetu wa kartie, mkuu wa mtaa huu, Shehe Nassoro wa msikiti wetu, Bwana Irfan, mwenye ukumbi huu ambao tumekusanyika mbele ya mlango wake, wazazi na majirani: amani ya Mungu iwe nanyi. Waislamu wameomba dua na Wakristo wamesali kabla hujafika, kwa sababu tuna jambo la kusema ambalo hatukutaka kulisema kwa nguvu zetu wenyewe.

KARIBU

Karibu Gitega, karibu mtaani kwetu. Utusamehe kwa kukuketisha nje. Viti mlivyokalia vimetoka dukani kwa Bwana Irfan. Benchi zetu ziko ndani, na mlango una kufuli la kartie kwa wiki ya tano sasa.

Risala hii tumeiandika wenyewe kwa siku nne, huyu akitoa sentensi na yule akiinyoosha. Makosa ya herufi ni yetu. Tulimwomba Pili, katibu wetu, aisome. Alikataa. Alisema mtu hajisomei kesi yake, asome Nadia mwenzetu, na yeye Pili atakaa mstari wa mbele umwone. Ndiye yule mwenye mtandio wa kijani.

HISTORIA YETU

Darasa lilianza miaka sita iliyopita na watu tisa. Leo tuko thelathini na mmoja, wanawake ishirini na wawili. Ukumbi huu ulikuwa ghala la marehemu mzee Mohamedali, aliyekuwa akileta saruji na mabati. Mwanawe Irfan alipourithi alipaka ukuta mmoja rangi nyeupe, akanunua projekta, akawa anaonyesha sinema Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine benchi zilikaa bure, na Pili akaenda kuziomba.

Pili ni fundi wa kushona. Alishona miaka arobaini bila kujua kuandika. Vipimo vya wateja aliviweka kwa mafundo kwenye nyuzi, kila mteja na uzi wake, zote zikining'inia ukutani juu ya cherehani. Ana miaka hamsini na minane. Swala hazimpiti, na Jumatatu na Alhamisi hufunga. Alipofika dukani, Irfan alimtania, akamwuliza kama mama wa umri wake bado ana kichwa cha kuingiza alifabeti. Pili alimjibu kwamba kichwa kimejaa vipimo vya suruali za ukoo mzima wa Irfan, akitoa hivyo nafasi itapatikana. Irfan alicheka, akampa ufunguo. Hajawahi kutudai chochote, hata umeme.

MAFANIKIO

Watu kumi na wanne kati yetu wanasoma kadi zao za zahanati bila kumpa mtu mwingine. Vumilia anasoma Injili yake, na mzee mmoja aliyejifunza Kurani kwa kusikia sasa anaisoma tafsiri yake na kutuuliza maswali ambayo mwalimu hana majibu yake. Josefina, muuza ndizi wa soko kuu, alimwandikia kaka yake aliyeko ng'ambo ya mpaka, huko mbele ya Buhinyuza, na kaka akajibu.

Pili naye aliacha kutia kidole kwenye wino. Karatasi yake ya kwanza ya serikali aliyoitia saini kwa jina lake ni ile iliyoruhusu filamu.

JAMBO LILILOTOKEA

Shefu wa kartie aliagiza kwamba filamu yoyote ya watoto itazamwe kwanza na wazazi. Kazi hiyo alitukabidhi sisi, kwa kuwa tuko ukumbini kila siku na tunajulikana kuwa watu wa dini. Tulichagua watu watano, mkuu wao Pili.

Filamu yenyewe ililetwa kwenye fulashi kutoka Muyinga. Ni ya shujaa mwenye joho la kijivu, katika mji ambao mvua haikatiki. Wezi wamemwua ndugu yake, naye anawasaka mmoja mmoja, anawafunga kwenye chumba cha chini, anawahukumu mwenyewe na kuwaadhibu mwenyewe. Maneno ya kigeni yamefunikwa na sauti ya Rachid, mfasiri wa Muyinga, ambaye watoto wa hapa wanamjua kuliko direkta wao wa shule. Rachid hufasiri na kuchekesha. Shujaa anapovunja vidole vya mtu, Rachid anasema: "Anamsalimia huyo, anamsalimia kwa moyo wote." Ukumbi mzima unaangua kicheko.

Pili alikaa benchi ya mbele. Tangu utotoni alifundishwa kwamba jambo baya likipita mbele yake ainamishe macho na kumwomba Mungu msamaha, na ndivyo alivyofanya. Kila muziki ulipobadilika aliinamisha macho, akavuta uradi kimoyomoyo, akasikia salamu za Rachid na kicheko cha wenzake. Wenzake nao walimtazama mkuu wao na kufanya kama yeye. Muziki ulipotulia waliinua macho, wakamwona shujaa akimpa mtoto yatima mkate. Mwishoni waovu wote walikuwa wameshindwa. Pili aliandika kwa mkono wake, "Inafaa watoto," akatia saini.

Watoto wapatao sitini waliitazama Jumamosi. Jumanne, shule ilipotoka saa sita, saba kati yao walimwongoza mtoto mmoja wa kike hadi kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa nyuma ya soko. Walisema ameiba kalamu ya rangi. Aliyevaa joho, la gunia la mchele, ni Husni, mjukuu wa Pili, mwenye miaka kumi na mmoja. Walimfunga mtoto yule kwenye nguzo kwa kamba ya katani, wakamhukumu. Mmoja alikuwa na kazi ya kutoa sauti ya Rachid. Kila alipopigwa, huyo mwenye sauti alisema, "Anamsalimia." Kisha wakaenda kula, wakamsahau. Fundi mwashi alimkuta alasiri. Kalamu ilikuwa ndani ya kaye, daftari la mwenyewe aliyedai kuibiwa.

Mtoto huyo ni binti wa Josefina, mwenzetu.

Pili alimkalisha Husni mbele ya cherehani akamwuliza nani alimfundisha mambo hayo. Husni hakuelewa swali.

"Bibi, si ya kwenye sinema? We uliandika iko nzuri."

"Hayo hayakuwemo."

"Yalikuwemo. Ulikuwa mbele kabisa. Hukuona?"

Pili alikuwa na hakika kwamba aliona. Kwa hiyo alijiambia jambo moja tu: watoto wameonyeshwa filamu nyingine, fulashi imebadilishwa. Alikwenda hadi Muyinga kumkabili Rachid, akakuta kijana mpole ndani ya duka la kuchaji simu, kipaza sauti kikiwa kimefungwa soksi. Alimshutumu mbele ya wateja. Rachid hakubishana. Aliiweka filamu, akaisogeza moja kwa moja hadi kwenye picha za chumba cha chini.

"Iko ileile, mama. Mi naweka maneno tu, picha siigusi. Bon, siku ile ulikuwa unaangalia wapi?"

Pili alimjibu: "Chini."

Akamwomba aianze upya, aondoe na sauti yake. Aliitazama yote akiwa amesimama. Wateja waliingia wakachaji simu zao, wakatoka, yeye bado amesimama. Ametuambia kwamba bila utani wa Rachid filamu ile ina vilio vingi kuliko maneno.

UAMUZI WETU

Aliporudi alituambia yote bila kujipunguzia. Baadhi yetu waliogopa kuitazama tena, wakasema ni kuongeza dhambi juu ya kosa. Tulimwuliza Shehe Nassoro, ambaye yuko hapa, naye alisema: "Mliitwa kuwa mashahidi. Shahidi akifumba macho, anashuhudia nini?" Basi tukakubaliana kuitazama tena.

Ukumbi ukiwa umefungwa na shefu baada ya tukio hilo, Bwana Irfan alitupa sebule yake. Tuliitazama watu thelathini, kimya, bila sauti ya mfasiri. Wa thelathini na moja ni Josefina. Hakuja, na hatukumlaumu.

Mjadala ulichukua siku mbili. Wako waliosema filamu inafundisha kwamba mwovu hulipwa uovu wake, na kwamba watoto wetu wanaona makubwa zaidi barabarani. Pili alisema hilo la barabarani ndilo linalomtia hofu. Mtoto wa mahali pengine akiona mtu amefungwa kamba na watu wanamhukumu wenyewe, anajua ni hadithi. Wa kwetu, aliyekwisha kuyaona hayo barabarani, anaweza kudhani anaonyeshwa namna ya kuifanya vizuri. Na shujaa yule hakukosea hata mara moja. Kila aliyemfunga alikuwa kweli mwizi. Watoto wetu walimfunga mtu siku moja tu, na siku hiyohiyo wakakosea.

Tulipiga kura. Watu ishirini na wanne walisema filamu haifai mtoto aliye chini ya miaka kumi na tano. Sita walisema inafaa akiwa na mzazi pembeni. Hakuna aliyesema karatasi ya kwanza ilikuwa sahihi.

Mgeni rasmi, haitakuwa haki kukuficha hili. Bwana Irfan alituomba tuandike vingine. Alitaka tuseme ulikuwa mchezo wa watoto, filamu haina neno, ili ukumbi ufunguliwe leo. Alituambia waziwazi: "Mkisoma hivyo mnajifungia mlango wenyewe. Donc, mtasomea wapi?" Pili alimwambia kwamba amekwisha kutia saini jambo ambalo hakuliona, na la pili hatalitia. Irfan aliondoka bila kuaga. Leo asubuhi tumekuta viti vimekwisha kupangwa, naye mwenyewe anafagia.

MAOMBI

Tunaomba ukumbi ufunguliwe kwa darasa, jioni tano kwa wiki. Mtihani wetu wa cheti uko karibu, na chini ya miti, tunakosomea sasa, ubao hauonekani baada ya saa kumi na mbili. Ikiwa darasa na sinema haviwezi kutenganishwa, basi Jumamosi na Jumapili filamu za watoto zitazamwe kwanza hadi mwisho, bila sauti ya mfasiri, na watu wasioinamisha macho. Josefina awe mmoja wao, akikubali.

Tunaomba pia karatasi ile isitolewe kwenye faili. Pili anataka ibaki, na chini yake aandike kwamba amebadili hukumu na kwa nini.

Ombi la mwisho tumelipata kwa Josefina mwenyewe. Tuliona haifai usikie habari ya mtoto wake kabla yeye hajaisikia, kwa hiyo juzi tulikwenda nyumbani kwake, tukasimama uani, tukamsomea yote. Alisikiliza huku akipanga ndizi. Tulipomaliza alisema, "Mmeandika 'mtoto mmoja'. Ana jina." Pili alichukua kalamu ili arekebishe hapohapo, kwenye habari ya kamba. Josefina alimshika mkono.

"Hapana pale. Pale abaki bila jina. Jina mliweke mnapoomba."

Anaitwa Raissa. Ana miaka tisa, yuko mwaka wa nne, na hesabu ndiyo somo lake. Yuko Giheta kwa nyanya yake kwa wiki ya tano, hajaingia darasa lolote, kwa sababu njia ya shule yake ya hapa inapita nyuma ya soko na miguu yake inakataa. Shule ya Giheta iko tayari kumpokea, ila mwaka uko katikati na direkta anahitaji barua ya mkaguzi. Tunakuomba barua hiyo. Kama leo nafasi yako inatosha kujibu ombi moja tu, tuache sisi nje, ujibu hili.

Mungu akurudishe salama kwako, akupe macho ya kuona na moyo wa kuamua, awasamehe watoto wetu saba, na atusamehe sisi tuliowatangulia. Amina.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni "Tumechelewa, Tumefika",
Gitega