Mwalimu Pudensiana Mwaisumbe na Hariri Aliyoianza Baada ya Kustaafu

Mwalimu Pudensiana Mwaisumbe alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 katika kata ya Kisiba, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Abrahamu Mwaisumbe na mkewe Jenifer. Alifariki juzi, Alhamisi, 8 Mei 2025. Tarehe zote mbili zimehakikiwa. Ya pili familia bado inaisoma kama kosa la mpiga chapa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari mjini Mbeya, na mwaka 1984 akahitimu cheti cha ualimu. Alifundisha Masukulu kwa miaka kumi na mitatu na Kyimo kwa miaka ishirini na sita, hadi alipostaafu Machi 2024.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na Bwana Hezron Mwakatobe, fundi seremala wa Kyimo. Walijaliwa watoto watatu: Dennis, Sekela na Gift.

Baada ya kustaafu alitangaza kwamba atajifunza kuchora kwa rangi kwenye hariri, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likifanyika hapa. Alianza kwa kutafuta kitambaa. Katika duka la Bwana Alawi, sokoni Tukuyu, alichomoa uzi kwenye jora lililoitwa hariri, akawasha kiberiti.

"Mwalimu, utaniunguzia duka kwa ajili ya uzi mmoja?" Alawi alishtuka.

"Umeyeyuka kama mfuko wa plastiki. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Hii siyo, baba."

Alawi alicheka, akaagiza nyingine Dar es Salaam. Ilipofika aliichoma mwenyewe kwanza.

Rangi zilikuja kwa basi, chupa sita ndogo, pamoja na wino mzito wa kuchorea mipaka ili rangi moja isiingie kwenye nyingine. Mzee Hezron alimtengenezea fremu ya mbao ya kuwambia kitambaa.

"Mama Dennis, kitanda hiki cha nani? Mbona hakina chaga?" alimtania.

"Cha hariri. Yeye halali chini."

Kazi ya kwanza, Julai 2024, iliharibika. Kwenye mstari wa jani la mgomba aliacha upenyo usiozidi kichwa cha sindano, na kijani kikavamia njano yote. Hakuitupa. Aliitundika sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa upenyo ulipo.

Aya ya ugonjwa ni fupi kwa sababu ugonjwa haukuwepo. Alhamisi asubuhi alikuwa akimalizia mtandio wa harusi ya Sekela, wenye majani ya chai na maua yake meupe. Saa sita mchana aliweka brashi chini, akamwambia binti yake, "Kesho tunaupika kwa mvuke. Kabla ya hapo usiguswe na tone la maji, rangi yote itakimbia." Saa sita na nusu alisema kichwa kinauma. Saa tisa na dakika kumi, hospitalini, daktari alitueleza kwamba amefariki, mshipa wa damu umepasuka kichwani kutokana na shinikizo la damu. Hakuna aliyejua kama alikuwa nalo. Sekela aliuliza mara tatu, na mara tatu akajibiwa hivyo hivyo.

Jana, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, mdogo wake marehemu, Veronika, alitaka mtandio ule ufunike jeneza.

"Ni kazi ya mikono yake. Aende nao."

"Mma, hapana, mama mdogo," Sekela alikataa. "Nje mvua inanyesha, na rangi haijapikwa. Tutamzika na tambara."

Kisha Mzee Hezron alisema, "Kapike."

Sekela hakuwahi kuifanya kazi hiyo peke yake. Aliukunja mtandio ndani ya karatasi safi, akauning'iniza juu ya maji kwenye sufuria, akaweka majani ya mgomba chini ya kifuniko yadake matone. Aliinjika sufuria uani, kati ya masufuria ya maharage ya msiba.

"Sekela, hicho chetu kinaiva lini?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali.

"Saa mbili nzima, mama. Na hakiliwi."

Wanawake walicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Baada ya saa mbili Sekela aliufungua mbele yao, akauchovya kwenye beseni la maji. Maji yalibaki meupe.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na mdogo wake Veronika. Mzee Hezron ameamua kwamba mtandio utafunika jeneza hadi kaburini tu, na kwamba harusi itafanyika Jumamosi, 28 Juni, siku aliyoichagua mkewe, na Sekela atajifunga mtandio huo.

Mwenyezi Mungu ampe Mwalimu wetu pumziko la amani. Sisi bado tumeduwaa.