Katunge Mulei, Mtafuta Mizigo wa Mwingi

Jumatatu tarehe 6 Novemba 1967, mvua ya vuli ilinyesha Kilungu tangu alfajiri, na mkunga alivuka mto akiwa ameshika viatu mkononi. Jioni hiyo alizaliwa binti wa tatu wa marehemu Mzee Kimeu na marehemu Mama Kalondu. Wakamwita Katunge.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa, milima miwili kutoka nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba anauliza maswali mengi. Baba aliudhika. Katunge alifurahi, akaendelea kuuliza.

Maswali hayo ndiyo yaliyompa kazi. Mwaka 1990 aliajiriwa Mwingi na kampuni moja ya mabasi, upande wa vifurushi, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye dirisha la malalamiko. Mtu aliyepotelewa na mzigo alifika akifoka. Katunge alimpa kiti kwanza, kisha chai, ndipo akamwuliza nani aliufunga, na kwa kamba ya namna gani. Mzee mmoja alidai jogoo wake ameibwa njiani. "Hebu nyamaza kidogo, mzee," Katunge akamwambia, na wote wakasikia jogoo akiwika ndani ya buti la basi.

Jonah Mulei, fundi wa mabasi, alikuja kulalamikia boksi lake la spana. Boksi lilipatikana siku hiyo hiyo, lakini Jonah hakuacha kuja kuuliza. Walifunga ndoa Kilungu tarehe 12 Desemba 1992.

Alistaafu mwaka 2023 na kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua. Hospitalini aliwauliza wauguzi habari za kila dawa mpaka wakawa wanamweleza kabla hajafungua mdomo. Alituacha alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, watoto wake wakiwa kando yake.

Ameacha mume wake Jonah, watoto Nyamai, Kanyiva na Mutindi, wajukuu wanne, ndugu zake na kanisa lililomlea. Bwana ampe pumziko lenye amani.

Limebaki moja. Mbithe Musyimi amesafiri leo kutoka Mwingi, na ameomba lisomwe mbele ya watu.

Novemba 2019, mvua ikiwa imeshaanza, dada yake Mbithe alimtumia kutoka Makueni gunia dogo la mbegu za ndengu, zilizochaguliwa kwa mkono na zisizotiwa dawa. Mbithe alipofika dirishani aliambiwa mzigo ulichukuliwa jana, na kitambulisho kilionyeshwa. Hakuwa na mbegu nyingine. Mvua ya kwetu haimngoji mtu, na shamba lisilopandwa mapema hulala bure.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa kusubiri fidia mwezi mzima.

"Utalipwa, dada, lakini fidia haioti," Katunge alisema. "Hili jina ulipewa la nani?"

"La nyanya, mama ya baba."

"Na wangapi wengine walipewa?"

Mbithe akahesabu kwa vidole. Kila mwana wa nyanya huyo alikuwa amempa binti wake jina hilo, na ukoo wote ni Musyimi. "Tuko watatu. Mmoja anakaa hapa nyuma ya soko."

Wakaenda. Binamu yule alikuwa jikoni akikoroga sufuria ya ndengu.

"Nilipita steji, karani akaniambia kuna mzigo wa Mbithe Musyimi," alisema. "Sasa mimi ni nani? Nikajua kijana wangu wa Nairobi amenikumbuka."

"Umepika zote?" Mbithe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zote nitampikia nani? Ni sufuria hii tu. Gunia liko pale. Ketini mle."

Mbithe alilikumbatia gunia kama mtoto. Katunge alipokea sahani, akala mpaka chini.

"Ni tamu," alisema. "Basi aliyekula mbegu atapanda."

"Hata wewe umekula, Mama Nyamai," binamu akamjibu.

"Ni kweli," Katunge akakubali.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa ya kazi, alifika shambani kwa Mbithe na jembe begani, akashika mstari kando ya yule binamu, wakapanda mpaka gunia likaisha.