Mama Matone na Kopo la Kwanza

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Mama Matone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya duka la mikate, akalia kwa sauti iliyozima mashine ya kukandia unga, na wazee waliokuwepo hawajabisha mpaka leo.

Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1972, akaacha kwa kukosa nafasi, si akili, maana akili alikuwa nazo za kugawia mtaa mzima na zikabaki.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuosha chupa kiwanda cha soda, na tarehe 5 Januari 1989 akafungua kiwanda chake kidogo cha pombe kali, ndani ya gereji kuukuu, kwa mtambo mmoja wa shaba unaong'aa kushinda jua.

Aliolewa tarehe 20 Agosti 1990 na fundi wa kuchomelea, shemeji yetu huyu hapa, aliyekuja kuziba bomba linalovuja, akaziba, akasahau kuondoka, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2004 pombe ya watu wengine ilipofusha wanywaji mtaa wa pili, wateja wakamkimbia dada yetu kama wameona chui, shemeji akamwambia, "Mama watoto, tufunge tu," naye akang'oa mlango kwenye bawaba, akapanga mabenchi, akasimama barabarani akiita, "Ingieni mwone wenyewe, si macho bado mnayo?"

Wakaingia, akawaonyesha kwamba kopo la kwanza la pombe inayotona mtamboni ndilo lenye sumu inayopofusha, akalimwaga mtaroni mbele yao, na tangu hapo kila mgeni, hata akija peke yake, ameona kopo hilo likimwagwa, na wageni wamejaa mpaka kuta zinatoka jasho.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, na tarehe 2 Juni mwaka huu, hospitalini, alfajiri, hakuulizia dawa, alimuuliza binti yake, "Jana mlimwaga?" "Tulimwaga, mama." "Mbele ya wageni?" "Mbele ya wageni," ndipo akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, na kesho kutwa asubuhi binti atawasha mtambo, mlango hatujaurudisha.

Pumzika kwa amani, dada, kopo la kwanza tutalimwaga.