Mkoba Ulioletwa Siku ya Maziko

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu mliosafiri kutoka Kilema na ninyi wa Kamachumu mlioko hapa London, majirani, wanajumuiya, mimi Generosa, mke wa marehemu, ndiye nitakayewasomea historia ya Humphrey Ambrose Temba, najua si kawaida yetu mjane kusimama mahali hapa wakati nafasi yake ni pale mbele, amejifunika na kushikwa mkono, na shemeji yangu Faustine, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameandaa ukurasa mmoja mzuri sana, nimeusoma, hauna uongo hata kidogo, ila nimemwomba aniachie mimi. Nitafuata hatua zote kama ilivyo desturi, na nikifika mwisho nitajibu lile swali mnaloliuliza kwa sauti ya chini jikoni kwangu wiki hii nzima, kama nitasafiri na mwili kwenda kuzika au nitabaki hapa Tottenham, kwa sababu mpaka asubuhi ya leo mwenyewe nilikuwa sijui.

Humphrey alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika hospitali ya Kilema, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ambrose Temba na Mama Priscilla, wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa mwezi uliofuata, na kwa maelezo ya Faustine alichelewa kusema lakini alipoanza hakunyamaza tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaendelea na sekondari mjini Moshi hadi kidato cha sita, ambako alijulikana zaidi kwa kusimulia filamu za video kwa wenzake waliokosa kiingilio, na wapo wanaoapa kwamba filamu yenyewe walipokuja kuiona hawakuipenda kama alivyoisimulia yeye.

Mwezi Septemba 2001 alikuja London kusomea uhasibu katika chuo kimoja ambacho kilifungwa kabla hajamaliza, akapata kazi ya kukagua tiketi mlangoni mwa jumba la sinema, akaifanya kwa miaka minne, na huko ndiko alikojifunza alichokuwa akikiita ufundi, kwa kusimama nyuma ya ukumbi na kutazama filamu moja wiki nzima mpaka akajua watu watacheka wapi na watalia wapi. Mwaka 2006 alijiunga na udereva wa basi, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomwondoa kwenye usukani, na wenzake wa gereji walioko hapa leo ni mashahidi kwamba alikuwa dereva mpole, anayemsubiri mama anayekimbia na mtoto.

Kuna kazi nyingine aliyoifanya bila mshahara, nayo ni kutuandikia historia za misiba yetu, kwa miaka kumi na tano hakuna Mtanzania aliyeagwa katika kanisa hili bila karatasi yake kupitia mikononi mwa Humphrey, na mnajua jinsi alivyokuwa akizipiga pasi, mlevi akawa mtu mchangamfu, mgomvi akawa mtu mwenye msimamo, na aliyewakimbia wanawe akawa mpenda safari. Akirudi nyumbani alinung'unika kwamba historia hizi hazina muundo, mtu anazaliwa, anasoma, anaoa, anaugua, anakufa, hamna siri wala pa kugeukia, nami nikamwambia kwamba wafu si waigizaji, akacheka.

Muundo aliokuwa akiupenda ni wa filamu ya mapenzi na wizi ya kuchekesha, amenifundisha mimi nikimenya ndizi, mpaka ningeweza kuwafundisha ninyi. Kwanza wawili wakutane kwa balaa, halafu mmoja amfiche mwenzake jambo, halafu wizi wenyewe uende kombo, halafu siri ifichuke mbele ya watu wengi, maana alisema siri ikifichuka chumbani hiyo si kichekesho, hiyo ni kesi, na mwisho uje msamaha, nao uwe mfupi, kabla mtazamaji hajaanza kutafuta koti lake.

Sasa nafika kwenye ndoa, na hapa naomba mnivumilie. Mama yangu mzazi alifariki kwetu Kamachumu tarehe 11 Aprili 2005, mimi nikiwa London mwaka wa pili, muuguzi mgeni, nikakata tiketi ya tarehe 14, na tarehe 13 mchana nikaenda saluni Peckham kusuka nywele ili nisiwatie aibu ndugu zangu, nikiwa na mkoba wangu wa kahawia wenye pasipoti, tiketi, na picha ya mama niliyokuwa nimeikuza kwa ajili ya kuwekwa juu ya jeneza, yenye utepe mweusi pembeni. Nilipotoka chini ya mashine ya kukaushia nywele mkoba haukuwepo. Nililia polisi, nikalia ubalozini, ndege ikaondoka, na Jumamosi ya tarehe 16 mdogo wangu Blandina, ambaye yuko pale mbele, alisimama kaburini akiwa ameinua simu, nami nikiwa nimekaa kitandani Tottenham nikasikiliza udongo ukimwagwa juu ya mama.

Jioni ile ile mlango uligongwa, akawepo kijana mrefu amevaa sare ya jumba la sinema, mkoba wangu mkononi, akasema ameuokota kituo cha basi na amenitafuta siku tatu kwa anwani aliyoikuta ndani, kila kitu kimo. Nilimwona kama ametumwa na Mungu. Paroko wa wakati huo alimtaja madhabahuni kuwa mfano wa uaminifu kwa vijana wetu, akawa anakuja kunipa pole, pole ikawa mazoea, mazoea yakawa posa, tukafunga ndoa hapa hapa tarehe 18 Agosti 2007, na kwenye sherehe mimi mwenyewe nilishika kipaza sauti nikasimulia habari ya mkoba, watu wakapiga vigelegele. Mwaka 2008 tulikwenda Kamachumu, akalia kwenye kaburi la mama kuliko nilivyolia mimi, shangazi zangu wakaniacha wakaenda kumbembeleza yeye. Ile picha tuliitundika sebuleni, na kila Jumamosi alikuwa akiifuta vumbi yeye, hakutaka mtu mwingine aiguse, nami nilidhani ni upendo.

Mungu alitujalia watoto wawili, Natasha aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2009 na Ryan aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 2012, na siwezi kusema kwamba hakuwa baba mzuri, maana alikuwa.

Filamu yake mwenyewe, aliyoiandika kwa muundo ule ule, ilipigwa mwaka 2022 na 2023 kule Rayners Lane, nyuma ya duka la Bwana Jitendra, mzaliwa wa Kisumu, mpiga video za harusi ambaye wengi mnamfahamu, yeye akishika kamera, na Siham, binti wa majirani zetu, akiigiza kama msichana anayeitwa Lila. Ilionyeshwa Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023 katika ukumbi wa parokia, na wengi wenu mlikuwepo, mlikula sambusa zangu. Mnakumbuka ilivyoanza, kijana anampenda Lila ila hana la kumwambia, anauiba mkoba wake saluni akiwa amepanga kuurudisha baada ya nusu saa ajifanye ameuokota, anaufungua kutafuta anwani, anakuta tiketi ya ndege na picha ya bibi harusi yenye utepe, anagundua kwamba Lila anasafiri kwenda kwenye harusi ya dada yake, anaingiwa na woga, na anakaa na mkoba chini ya kitanda mpaka ndege imeondoka. Mlicheka sana pale kijana anapojificha na mkoba nyuma ya jokofu. Mwanangu Natasha, naye akicheka, aliniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika safu tatu, kama si hivyo ndivyo mimi na baba yake tulivyokutana, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe ni kweli, Generosa, hongera."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Sikuambiwa na mume wangu, niliambiwa na ukumbi. Msiba wa mama yangu ulikuwa umegeuzwa harusi, kwa kuwa msiba hauchekeshi, na utepe mweusi ulikuwa umegeuzwa mwekundu, na nilipouona ule utepe ndipo nilipoelewa kwamba aliiona picha siku ya kwanza, alijua nakwenda kuzika, na akakaa na pasipoti yangu. Kisha mkaona Lila akiambiwa kweli uwanja wa ndege, akimpiga kijana kofi moja, akicheka, akimkumbatia, taa zikawaka, mkasimama kupiga makofi, na Humphrey akaniita jukwaani, nikaenda, nikainama nanyi mkanipigia makofi na mimi.

Niliumia, na sitatafuta neno la adabu kuliko hilo. Nilimpigia simu Jitendra siku iliyofuata, maskini akashikwa na kigugumizi, akasema, "Dada Generosa, I swear, mimi nilijua unajua, Humphrey aliniambia hiyo story ni yenu wawili." Mume wangu nilipomuuliza alinijibu kwamba filamu ni filamu, mama Natasha, mambo mengine ni ya kunogesha tu, na kwa mwaka mzima hakusema zaidi ya hapo, ila Jumamosi hakuifuta tena ile picha.

Mwezi Novemba 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa, ikaonekana ni kansa ya kongosho iliyokwisha kuenea, akaanza matibabu, na kwa kuwa mimi ni muuguzi nilimuuguza mwenyewe, nikimlisha uji na kumgeuza, bila kumwonea na bila kusahau. Alasiri moja ya Januari, tukiwa wawili, alisema bila kuulizwa kwamba ni kweli, aliiona picha, alitoka na mkoba mara mbili mpaka mlangoni kwangu akarudi, kwa sababu angeuleta siku ile ningemjua kuwa ni mwizi, na akasema aliandika filamu ile ili aniambie, maana kuniambia kwa mdomo hakuweza. Nilimuuliza kwa nini basi Lila alisamehe upesi hivyo. Akasema, "Ningekuachia wewe uandike, ningesubiri mpaka lini?" Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika wangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama ndugu yao, madereva wenzake waliofanya zamu zake bila kumdai, majirani wa jengo letu waliovumilia vilio vyetu, jumuiya iliyopika bila kuchoka, Paroko, na Bwana Jitendra, ambaye naomba asiendelee kujificha nyuma ya nguzo, hana kosa. Tunamshukuru Blandina, aliyewahi kushika simu kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mtu kushika simu.

Humphrey, ulitaka historia yenye siri inayofichuka mbele ya watu, nimekuandikia, na hawa hapa ndio watu. Lakini hatua ya mwisho sitaifupisha kwa ajili yako. Sijakusamehe, na nalisema hili mbele ya wote ili mtu asije akaniandikia tena msamaha kwa niaba yangu, ule wa Lila uliuandika wewe.

Na kuhusu lile swali la jikoni, mtu akifa watu wake humzika, na mimi najua ilivyo kusikiliza udongo kwenye simu, jambo hilo sitalifanya kwako wala kwa wanao. Alhamisi tunaondoka Heathrow pamoja nawe, mimi, Natasha na Ryan, pasipoti tatu zimo katika mkoba ule ule wa kahawia, na sitautoa begani mpaka tufike Kilema, ambako udongo wako nitaushika kwa mkono wangu. Tangulia kupumzika, mume wangu, amani nitakuletea siku nitakapoipata.