Mswaki Mara Nne

Kwenye basi, siti ya mbele yangu, alikaa fundi cherehani, shavu limevimba kama kaficha limau. Mama wa pembeni akamuuliza kulikoni. "Jino, mama. Miezi saba sasa. Leo naenda, ila daktari atanigombeza, eti ulikuwa wapi siku zote. Ndiyo maana tangu alfajiri nimepiga mswaki mara nne." Mama akacheka. "Unamdanganya nani, baba? Tundu lina miezi saba, mswaki una masaa matatu." "Angalau akute usafi." Mie hapo najikaza nisicheke. Basi likasimama mlangoni pa kliniki ya meno. Fundi akasema atashuka kituo kinachofuata, arudi kwa miguu huku anapanga maneno. Mama akasogeza miguu kumpisha. Dereva, kumbe anasikia yote, akazima injini.